Zamu ya Wenzio Acha

Siku mke wangu Jenoveva alipofariki, zamu ya maji ilikuwa ya Rogathe kwa utaratibu na ya Jenoveva kwa makubaliano. Makubaliano hayo waliyajua wao wawili, na mimi niliyeyasikia nikiwa ndani.

Ndiva yetu ni bwawa dogo juu ya kijiji. Kijito kinaijaza usiku, na kunapokucha mwenye zamu anapanda kuvuta kizibo, maji yanashuka kwa mfereji mpaka shambani kwake. Kila nyumba ina siku yake. Ukipata shughuli unabadilishana na mwenzio kwa mdomo, na wazee wetu waliishi hivyo bila kugombana.

Rogathe, jirani yetu wa mteremko wa chini, alikuja akasimama mlangoni mwa jiko.

"Mama Victoria, nisaidie. Chukua Jumanne yangu, mimi nitachukua Ijumaa yako. Nina msiba Bendera."

"Wewe nawe," Jenoveva akasema. "Msiba wa watu unaupangia ratiba ya maharage?"

"Maharage yangu hayajui kama nimefiwa."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa natia mpini kwenye jembe. Hivyo ndivyo Jumanne ilivyokuwa ya Jenoveva.

Jumanne hiyo aliondoka jua likiwa halijatoka, lakini kukiwa na mwanga wa kumtambua mtu usoni. Mimi nilitangulia shambani kungoja maji. Yakafika. Nikayaongoza kwenye matuta ya tangawizi, tuta baada ya tuta, nikiangalia njia. Kwa kawaida akishafungua hushuka akifuata mfereji, akitoa majani yaliyoziba, na huanza kunisema kwa sauti kabla sijamwona. Nilimwagilia shamba lote. Maji yalifika, yeye hakufika. Nilipopanda nilimkuta amelala kwenye mdomo wa ndiva, ameteleza kwenye mawe na kichwa kimegonga ukingo, na maji yanampita. Tulimzika Alhamisi. Victoria, binti yetu, alikuwa darasa la tano.

Mwaka uliofuata kijiji kilifanya msaragambo, kila nyumba ikatoa mtu, tukaisakafia ndiva kwa saruji na kujenga chumba kimoja cha ofisi ya maji. Mwenyekiti wetu wa maji, Mzee Tumainieli, akasema kwenye kikao kwamba Jenoveva achorwe ukutani, kwa sababu alifia kazini. Nilishukuru. Mimi si msemaji, nilisimama nikasema asante nikakaa.

Mchoraji alitoka Same mjini. Anaitwa Asheri, anachora saluni na mabucha, kichwa cha ng'ombe upande huu na bei ya nyama upande ule. Alipanda na bodaboda, makopo ya rangi kwenye kiroba. Nilimpa picha ya Jenoveva ya harusini, halafu nikamwonyesha kwa mwili wangu jinsi alivyokuwa akiinama kuvuta kizibo, mkono wa kushoto gotini.

"Hapo hapo mzee, usitikisike," akaniambia, na nikakaa nimeinama mpaka kiuno kikafa ganzi.

Alimpata. Mgongo ni wake, na fundo la kanga limeenda kando kama alivyozoea kulifunga. Tatizo lilikuwa mbingu. Rangi nyeupe ilimwishia kwenye bucha alilolichora juzi yake, akabaki na bluu nzito ya kuta za baa.

"Mbona giza?" nikamuuliza. "Alikwenda kumekucha."

"Ikikauka itakuwa nyepesi, mzee. Wewe subiri."

Ilipokauka ikawa nzito zaidi. Sikujali sana. Nilikuwa napita pale jioni nikitoka shamba, nasimama kidogo, naondoka.

Siku ya kuzindua ndiva walialikwa watu wengi. Mwalimu Bartholomeo alikuja kutoka Same. Ni mzaliwa wa kwetu, alifundisha Kiswahili miaka mingi, akastaafu akajenga mjini. Hakuna harusi wala harambee ya usharika ambayo hajaitungia shairi. Wapo wanaolipa nauli kumsikia. Siku hiyo alifika mapema, chakula hakijaiva, akawa anazunguka na kalamu. Akaiona picha. Alisimama mbele yake akipiga vidole mapajani, akihesabu. Hakuniuliza kitu, wala hakumuuliza mtu yeyote.

Baada ya sala na hotuba akaitwa. Alisoma beti nyingi za kusifu saruji, mwenyekiti na mvua. Halafu akasema, "Na huyu mama je?" akaelekeza kidole ukutani, akasoma:

*Nimeitazama picha, ofisi ya wenye maji,*
*Mama mbona wajificha, giza lote la kijiji?*
*Na bado hakujakucha, wamkwepa mchungaji,*
*Zamu ya wenzio acha, mama mchukua maji!*

Kwenye mchungaji watu waliangua kicheko, kwa sababu mchungaji mwenyewe alikuwa amekaa pale mbele, naye akacheka. Mwalimu akarudia mstari wa mwisho kwa kuimba, akanyoosha mikono kama kiongozi wa kwaya, na watu wakaitika. *Zamu ya wenzio acha, mama mchukua maji!* Kina mama wakapiga vigelegele. Simu zilikuwa juu zinarekodi. Mimi nilitabasamu. Niliona ni utani, na mtu akifiwa kwetu hutaniwa, hakasiriki.

Ndipo mzee mmoja nyuma akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu:

"Hivi siku ile aliyofariki, zamu ilikuwa ya nani?"

Mwenyekiti akafikiri. "Ilikuwa Jumanne." Akahesabu nyumba kwa kichwa, kutoka juu kushuka chini. "Jumanne ni ya Rogathe."

Wimbo ukakatika. Nasema kweli, nilisikia sufuria zikichemka upande wa jikoni.

"Mwalimu ana macho," mwanamke mmoja akasema. "Sisi tumeiangalia picha hii siku zote hatukuona."

Mwalimu Bartholomeo alishangaa kama wao. Nilimwona. Lakini alishangaa kidogo tu, kisha akaikunja karatasi yake polepole kama mtu aliyejua tangu mwanzo.

Nilisimama. Nilimtafuta Rogathe kwa macho, nikamwona amekaa kwenye benchi na sahani ya makande mapajani.

"Mama Anderson, waambie," nikasema. "Waambie mlibadilishana."

Alimaliza kutafuna kwanza.

"Tulibadilishana lini, Baba Victoria? Mimi nilikuwa msibani Bendera. Nitajuaje nani huku amefungua maji?"

"Ulikuja jikoni kwetu. Nilikusikia."

"Ulinisikia au uliniona?"

"Nilikusikia."

"Haya basi," akasema, akachota kijiko kingine. "Na mimi nimesikia shairi."

Walicheka tena, safari hii bila kuniangalia.

Shairi lilifika kila mahali kabla yetu. Video iliwekwa kwenye grupu la WhatsApp la kijiji, wakaitumiana waliohamia mjini, ikafika mpaka kwa vijana wetu wanaokata mkonge kule bondeni. Shuleni, Victoria akinyanyuka kwenda kunywa maji bombani, darasa linaimba. Alikuja nyumbani akaniuliza, "Baba, mama alikuwa anaiba?" Nikasema hapana. Akasema, "Sasa mbona limeimbwa?" Akaanza kwenda shule na chupa yake.

Mzee Tumainieli alikuja kwangu na wajumbe wake. Hakukaa vizuri kwenye kiti, alikaa ukingoni.

"Fanueli, sheria ya ndiva unaijua. Aliyeibiwa maji hulipwa kwa zamu ya aliyeiba, na zamu hiyo hairudi."

"Mzee, yule mama ni marehemu."

"Zamu si marehemu. Ijumaa yenu ipo. Rogathe anaidai."

"Mwenyekiti, wewe ndiye uliyesema achorwe."

"Nilisema achorwe kabla sijajua." Akavua kofia akaivaa tena. "Mimi sina ugomvi na wewe. Haya maneno ameyaleta Mwalimu. Mwalimu akiyafuta kwa mdomo wake mbele ya watu, sisi tuna lipi tena? Ijumaa itabaki kwenu, na jina la mama litabaki safi. Nenda kamwone."

Nikateremka Same. Nyumba ya Mwalimu iko nyuma ya stendi, ina bustani ya maua na matangi mawili ya maji. Alinikaribisha vizuri, akamwita mjukuu alete soda.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Fanueli! Wewe nilikufundisha kidato cha pili, ulikuwa unakaa dirishani. Pole na msiba."

Msiba ulikuwa umepita mwaka, lakini nikapokea pole. Nikamweleza yote, Rogathe alivyokuja jikoni, na asubuhi ile ilivyokuwa na mwanga.

"Mwanga? Mbona mbingu nyeusi?"

"Mchoraji alikuwa ameishiwa rangi nyeupe."

Alicheka mpaka akashika kifua. "Basi kosa ni la duka la rangi! Mimi mtunzi nimeletewa usiku, nimetunga usiku."

"Na kujificha je, Mwalimu? Hajifichi pale. Anavuta kizibo."

"Ulifaulu Kiswahili wewe?"

"Nilipata C."

"Mstari wa kwanza umekwisha kwa *picha*. Sasa *picha* inataka nini? Inataka *ficha*. Inataka *acha*. Inataka *kucha*. Ulitaka niandike anavuta kizibo? Kizibo na picha wapi na wapi?"

"Na kumkwepa mchungaji?"

"*Maji, kijiji, mchungaji.* Ningefanyaje? Ningesema anamkwepa mfugaji, watu wasingecheka."

Alikuwa anasema bila ubaya wowote, kama fundi anayeeleza kwa nini mlango umefungukia nje. Nikamwomba afute ubeti ule. Akatikisa kichwa.

"Shairi hujibiwa kwa shairi, Fanueli. Ndivyo ilivyo tangu zamani. Nijibu. Vina vyangu, mizani yangu, ubeti mmoja tu. Nitapanda siku ya kusafisha mfereji, usome mbele ya watu. Ukinijibu sawasawa nitasimama mimi mwenyewe niseme nimekosea. Nitasema kwa furaha, maana nitakuwa nimepata mshairi."

"Na nikishindwa?"

"Mwanafunzi wangu hashindwi." Akanigonga bega. "Kunywa soda."

Nilitunga shambani, nikipalilia. Kila mstari una vipande viwili, kila kipande mizani nane, na vina vyake. Nilikuwa napalilia tuta zima nikitafuta neno moja. Nilijua ninachotaka kusema, na kilikuwa kifupi, lakini hakikuingia. Jina lake lilikuwa halikai popote. Nikaliacha jina. Kubadilishana zamu pia hakukukaa, nikakuacha. Nilihesabu kwa vidole vyenye udongo, nikimsomea Victoria anapoleta chakula, naye anahesabu na vyake. Yeye ndiye aliyeniambia, "Baba, nchi ni mizani mbili, n-chi. Mwalimu wetu amesema." Nikasema vizuri, basi na ndiva ni n-di-va.

Siku ya kusafisha mfereji watu walikuja na majembe na mapanga. Mwalimu Bartholomeo alikuja na kofia nyeupe, akapewa kiti mbele ya ofisi, chini ya picha. Kazi haikuanza. Kila mtu alijua kuna jibu. Walipanga majembe ukutani wakakaa kwenye nyasi. Rogathe alikaa karibu na njia, amefunga kitenge kipya.

"Haya," Mzee Tumainieli akasema. "Fanueli anajibu. Jibu likisimama, Mwalimu anafuta, Ijumaa ni yake. Likianguka, nisisikie tena habari hii."

Nilishika karatasi kwa mikono miwili. Sauti yangu ni ndogo, wakanyamaza ili wanisikie.

*Mwalimu hujui picha, unakaa kwenye mji,*

"Eeeh!" watu wakaitika. Mtu akapiga makofi. "Kamkamata! Mwalimu umeambiwa umekaa mjini!" Bartholomeo akacheka, akainua kofia kunipa heshima. Nikaona inawezekana. Nikasoma wa pili.

*Ni rangi iliyoficha, asubuhi ya kijiji,*

Waligeuka wakaitazama picha. Mzee mmoja alinyanyuka akaenda karibu, akaweka kidole kwenye ile bluu. "Kweli," akasema, "hii ni rangi ya baa." Nilimtazama Rogathe. Alikuwa ameacha kutikisa mguu. Nikasoma wa tatu.

*Ndivani kumekucha, zamu ni yake ya maji,*

Mwalimu aliinua mkono.

"Rudia."

Nikarudia. Alikuwa na mikono hewani, anakunja kidole kimoja kimoja. "Ndi. Va. Ni. Ku. Me. Ku. Cha." Akaionyesha mikono yake kwa watu. "Saba."

"Nane," nikasema. "N-di-va-ni. Kama nchi."

"Nchi ni nchi, Fanueli. N-chi, kwa sababu *chi* peke yake haisimami. Ndiva inasimama yenyewe. Ndi-va." Akawageukia watu kama yuko darasani. "Semeni ndiva."

"Ndiva!" wakasema wote.

"Mnasikia ngapi?"

"Mbili!"

"Neno la kwao wenyewe," akasema, akitabasamu, "amelikata kama mgeni. Mimi neno hilo nililikwepa makusudi, nikaweka *maji*, maana najua linavyotega." Halafu akawa mpole kabisa. "Umejitahidi. Lakini mstari huu una kilema. Shairi la namna hii linaitwa guni."

"Linaitwaje?"

"Guni."

Wengi walikuwa hawajawahi kulisikia neno hilo, na walilipenda papo hapo. Lilipita kwenye nyasi kutoka mdomo hadi mdomo, guni, guni, na kila aliyelitamka alicheka. Kijana mmoja akaniita, "Baba Guni, malizia basi!"

"Mwenyekiti," nikasema, "upungufu wa mizani moja haumfanyi mtu kuwa mwizi. Muulizeni Rogathe. Yupo pale. Muulizeni mbele ya mchungaji kama hakuja jikoni kwetu."

Mzee Tumainieli alimtazama Rogathe. Nadhani angemuuliza. Alikwisha fungua mdomo. Lakini Rogathe alikuwa amesimama, anajifuta nyasi kwenye kitenge chake kipya, na akaanzisha wimbo, taratibu, kwa ile sauti yake nzuri ya kwaya ambayo hata Jenoveva alikuwa akiisifu.

"*Zamu ya wenzio acha...*"

Watu wakaitika. Walikuwa wamekaa muda mrefu na walitaka kuanza kazi, na wimbo ulikuwa mzuri kwa kazi. Walichukua majembe yao wakaingia kwenye mfereji wakiimba, jembe linapanda kwenye *acha* na kushuka kwenye *maji*. Mchungaji alinishika mkono akasema nimwachie Mungu. Mwalimu alibaki kwenye kiti. Nilipompita aliniambia, "Ungesema *bwawani* ungepona. Bwa-wa-ni. Hapana, hata hiyo ni saba." Akaanza kutafuta tena kwa vidole neno ambalo lingeniokoa, na nadhani alilipata, kwa sababu nilisikia akisema "aa" peke yake.

Mstari wa nne sikuusoma, na hakuna aliyeuuliza. Ulikuwa huu:

*Jina lake sasa acha, mama mfungua maji.*

Nimeuhesabu mara nyingi. Una mizani zote.

Baadaye kamati ilimwita Asheri aandike kibwagizo cha Mwalimu chini ya picha, kwa herufi kubwa, ili wageni wakija waelewe. Nilimkuta juu ya stuli akimalizia. Akashuka akanisalimu kwa adabu.

"Mzee, mimi wameniambia niandike tu."

Nikamwambia najua.

Rogathe bado ananisalimia. Tukikutana njiani anasema, "Habari za asubuhi, Baba Victoria," na mimi najibu nzuri. Mwezi uliopita alituletea sahani ya maharage mabichi. Victoria aliyapokea kwa mikono miwili kama nilivyomfundisha, akasema asante mama, akayapeleka ndani.

Ijumaa asubuhi maji yanapita kando ya shamba letu yakienda kwa Rogathe. Tangawizi yetu sasa inasubiri mvua.